Upanga wa Filipi: Tukisoma Julius Caesar Chini ya Mlima Meru

Darasa langu la Kidato cha Tano lilikuwa limeanza kusinzia. Ilikuwa Ijumaa mchana, kipindi cha mwisho, na tulikuwa tunasoma Julius Caesar ya Shakespeare katika Kiingereza cha miaka zaidi ya 400 iliyopita. Kitabu hicho hakimo katika mtihani wao. Nilikichagua mwenyewe, nikitaka waonje Kiingereza kigumu kabla hawajakutana nacho chuoni. Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, samahani. Haya mambo ya Warumi sisi yanatuhusu nini?"

Niliwaambia wafungue Biblia, Luka sura ya pili. Shule yetu ni ya kanisa, hivyo karibu wote walikuwa nazo. Nikawaeleza kwamba yule Kaisari Augusto tunayemsoma kila Krismasi, aliyetoa amri ya watu kuandikwa hata Yusufu na Mariamu wakasafiri kwenda Bethlehemu, ndiye huyu kijana Octavius anayeingia katikati ya tamthilia na kubaki mshindi mwishoni. Kisha nikawauliza: vita vya mwisho katika tamthilia vinapiganwa mji gani? Msichana mmoja aliyekaa nyuma akajibu kwa sauti ndogo, "Philippi," kisha akashtuka. "Mwalimu, ni Filipi? Ile ya Wafilipi?"

Ndiyo ile. Darasa likaamka, na kwa wiki tatu zilizofuata halikusinzia tena. Insha hii ni matunda ya wiki hizo. Nataka kuonyesha kwamba tamthilia hii ina neno kwetu washarika, hasa sisi tunaojiona watu wema.

Tafsiri ya Mwalimu

Tulikuwa na msaada mmoja mkubwa. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia hii, na mfasiri alikuwa mkuu wa nchi yetu, Julius Kambarage Nyerere. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa sekondari, Tabora na baadaye Pugu. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitoka tena baada ya kurekebishwa, ikaitwa Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Alifuata mtindo wa Shakespeare wa mistari isiyo na vina, jambo geni kwa masikio yaliyozoea mashairi yetu ya vina.

Tukumbuke nyakati zenyewe. Mwezi Januari 1963 Rais Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa na wanajeshi. Mwezi Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Kati ya miezi hiyo miwili wasomaji wa Tanganyika walikuwa na kitabu kipya mikononi kinachohusu mtawala anayeuawa na watu wa karibu naye, nacho kimefasiriwa na mtawala wao. Sijui kiongozi mwingine wa zama zile aliyewapa wananchi wake kitabu cha namna hiyo. Na mtu huyohuyo, katika uzee wake, alizigeuza Injili kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996 na wamisionari wa Ndanda na Peramiho. Yeye alikuwa Mkatoliki, nasi ni Walutheri. Hata hivyo alitufungulia mlango sote, maana wanafunzi wangu walisoma Kiingereza kwa jicho moja na Kiswahili kwa jicho jingine, na mara nyingi waliielewa Roma kwa lugha ya nyumbani.

Mtu mwema aliyeua

Kwa asiyeifahamu hadithi, ni hii. Caesar amerudi Roma na ushindi, na watu wanampenda mno. Cassius, mwenye wivu, anataka auawe, lakini anajua kwamba watu hawatakubali mauaji hayo bila jina la mtu anayeheshimika. Mtu huyo ni Brutus, rafiki wa Caesar. Cassius anamrushia barua za uongo dirishani, zionekane zimetoka kwa raia. Brutus anazisoma na kuamini kwamba Roma inamwita.

Nilisimama muda mrefu na darasa kwenye onyesho la bustani, usiku, Brutus akiwa peke yake. Anakiri mwenyewe kwamba hana ugomvi wowote na Caesar. Hajamwona akifanya dhuluma. Hofu yake ni juu ya yatakayokuja: huenda akivikwa taji atabadilika. Anamfananisha na nyoka ambaye bado yumo ndani ya yai, na kuona ni vyema auawe kabla hajaanguliwa. Niliwaomba wanafunzi waandike, kila mmoja kwa maneno yake, kosa alilofanya Caesar kwa mujibu wa Brutus. Walihangaika. Mmoja alirudisha karatasi ikiwa na maneno mawili: "Bado hajafanya." Nilimpa alama zote.

Msomaji wa Biblia ameshawahi kusikia hoja hiyo. Katika Yohana sura ya 11, wakuu wanakutana wakiwa na hofu kwamba Yesu akiachwa, Warumi watakuja na kuliangamiza taifa. Kayafa anawaonyesha kwamba kufa kwa mtu mmoja kuna faida kuliko kupotea kwa watu wote. Yeye pia hazungumzii kosa lililotendwa. Anazungumzia hatari inayoweza kuja. Kayafa ni kuhani mkuu na Brutus ni raia mwadilifu. Wote wawili wanakwenda kuua wakiwa na hakika kwamba wanaokoa watu.

Halafu Shakespeare anagusa jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni la ndani kuliko yote katika tamthilia. Wenzake wanapopanga mauaji, Brutus anawasihi wasiwe kama wachinjaji wa nyama; wawe kama watu wanaotoa sadaka. Anataka jambo lilelile lifanyike kwa jina takatifu. Na baada ya kumchoma Caesar, ni Brutus anayewaambia wenzake wainame na kuosha mikono yao katika damu yake, kisha watoke wakitangaza amani na uhuru. Pilato aliosha mikono kwa maji ili aonekane hana damu. Brutus anaiosha kwa damu yenyewe na bado anajiona safi. Nilipowauliza wanafunzi yupi kati ya hao wawili anatisha zaidi, darasa liligawanyika. Mimi bado naona ni Brutus. Pilato alijua kwamba anafanya vibaya.

Dante, mshairi wa Italia, aliwaweka Brutus na Cassius pamoja na Yuda katika shimo la chini kabisa la jehanamu. Shakespeare hafanyi hivyo. Anatuonyesha Brutus akiwa mpole kwa mtumishi wake mdogo, Lucius: kijana anapopitiwa na usingizi akipiga ala ya muziki, bwana wake anaiondoa taratibu isije ikavunjika. Anatuonyesha mke wake Portia akimbembeleza amweleze siri inayomnyima usingizi. Tunampenda. Hapo ndipo tamthilia inapotubana, maana kumchukia mtu mbaya hakutugharimu kitu.

Maneno na umati

Sehemu maarufu ni hotuba mbili mbele ya jeneza. Brutus anaongea kwanza, kwa hoja, na watu wanamkubali. Lakini sikilizeni wanachopiga kelele: wanataka Brutus ndiye awe Caesar. Amemuua rafiki yake ili asiwepo mfalme, na umati papo hapo unataka kumfanya yeye mfalme. Hawakuelewa hata neno moja. Brutus hashtuki. Anaondoka na kumwachia Antony jukwaa.

Antony anarudia tena na tena kwamba wauaji ni watu wa heshima, mpaka heshima inageuka kuwa tusi. Wanafunzi wangu walilitafsiri neno hilo papo hapo kuwa "waheshimiwa," darasa likaangua kicheko, na sikuwa na haja ya kueleza zaidi. Kisha anatoa wasia wa Caesar, unaompa kila raia drakma 75. Umati unakwenda kuchoma nyumba. Onyesho fupi linalofuata halina kicheko. Mshairi mmoja, Cinna, anapita njiani. Jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anajieleza kwamba yeye si yule. Wanamrarua hata hivyo. Na ukigeuza ukurasa, utamkuta Antony, yule aliyelia mbele ya jeneza, akitafuta namna ya kupunguza fedha zilizoahidiwa katika wasia.

Makanisa yetu pia yanaishi kwa maneno yanayosemwa mbele ya watu wengi. Jumapili moja iliyofuata nilisikiliza matangazo ya usharika kwa masikio mapya. Si kwamba palikuwa na ubaya. Niliona tu jinsi watu mia tano walivyo tayari kuamini anayelia vizuri.

Yai la nyoka hapa kwetu

Mwanafunzi wa Meru ndiye aliyeileta tamthilia nyumbani. Alisema: "Mwalimu, hii ni kama Akeri."

Washarika wengi wanaifahamu habari hiyo. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri muda mfupi tu baada ya kufika. Hawakuwa wamemdhulumu mtu. Waliouawa walikuwa vijana, na waliowaua walikuwa vijana pia, wakiilinda nchi yao dhidi ya kile walichokiona kikija nyuma ya wageni hao. Kisasi cha Wajerumani hakikuwa na kipimo. Wameru na Waarusha wengi waliuawa, mifugo ikachukuliwa, mashamba yakaharibiwa. Kama ilivyokuwa Roma, damu iliyomwagwa ili kuzuia hatari ndiyo iliyoifungulia hatari mlango.

Hapa ni lazima tuseme kweli yote. Hofu ya vijana wale haikuwa ya bure. Ardhi ya Meru ilichukuliwa kweli kwa ajili ya walowezi, na mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza maelfu ya Wameru kutoka Ngare Nanyuki, nyumba zao zikateketezwa. Ndani ya yai alikuwemo nyoka kweli. Brutus naye pengine hakukosea kuhusu Caesar. Kwa hiyo swali ambalo tamthilia inatuulizia si kama hofu yetu ina msingi. Swali ni kama hofu yenye msingi inatupa ruhusa ya kumwaga damu ya mtu kwa jambo ambalo hajalitenda. Wameru wa mwaka 1951 walijibu kwa njia nyingine. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza dhuluma iliyofanyika. Hakurudi na ushindi. Alirudi na mikono safi, na jina la Meru likajulikana duniani.

Na Nkoaranga, ambako misheni ilianza upya mwaka 1902, Injili ilihubiriwa kwa watu ambao baadhi yao bila shaka walikumbuka vyema usiku ule wa Akeri. Hilo silo tendo analolijua Shakespeare katika tamthilia hii.

Baba yangu

Nisingependa tuishie kwa watu wa zamani. Miaka ya mwanzo ya 1990, mgogoro wa dayosisi ulipoingia Meru, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Sitasema alikuwa upande gani, maana ndugu zetu wa pande zote watasoma kitabu hiki, na pande zote zilifanya mambo ya kusikitisha. Watu walipoteza maisha. Nyumba zilibomolewa na mikono iliyokuwa imepokea Meza ya Bwana.

Baba alikuwa na rafiki wa tangu kipaimara, ambaye alichagua upande mwingine. Usiku mmoja kundi la vijana lilikwenda kukata migomba na kahawa ya yule mzee. Baba hakushika panga. Alijua tu tangu mchana, akanyamaza. Alituambia miaka mingi baadaye kwamba usiku ule aliomba kwa bidii, na katika maombi yake alijiona anasimama upande wa kanisa la Mungu. Asubuhi alipita njia iliyo mbele ya shamba lile ili aende ibadani, na hakugeuza kichwa.

Nilipolifundisha onyesho la bustani nilikuwa nafikiria habari ya baba. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mwadilifu, na uadilifu wake ndio uliompa usingizi usiku ule. Sisi Walutheri tunafundishwa tangu darasa la kipaimara kwamba hatuhesabiwi haki kwa wema wetu, ila kwa neema. Tunalikariri. Lakini fundisho hilo huwa tunalielekeza kwa walevi na wazinzi, wakati wanaolihitaji kwa haraka zaidi ni akina Brutus: wazee wa kanisa, walimu, wanakwaya, watu ambao majina yao yanaaminika kiasi kwamba akina Cassius wanayatafuta.

Kuna onyesho moja linaloliweka wazi hili. Kabla ya vita, Brutus anamkaripia Cassius hemani kwa kupokea rushwa. Papo hapo analalamika kwamba alimwomba Cassius fedha za kuwalipa askari akanyimwa, kwa kuwa yeye Brutus hawezi kuwakamua wakulima fedha zao. Fedha anazitaka, dhambi ya kuzipata anataka iwe ya mwingine. Kila aliyewahi kukaa katika kamati ya ujenzi wa kanisa atainamisha kichwa hapo.

Mji uleule

Turudi Filipi. Brutus anashindwa vitani. Anawaendea rafiki zake mmoja mmoja na kuwanong'oneza ombi lake: wamsaidie kufa. Watatu wanakataa. Wa nne, Strato, anamshikia upanga akiwa ameugeuza uso, na Brutus anaukimbilia. Kabla ya hapo anafurahi kwamba katika maisha yake yote watu walikuwa waaminifu kwake. Hasemi kama yeye alikuwa mwaminifu kwa Caesar. Antony anamsifu juu ya maiti yake kuwa ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Ni sifa za kweli, na zimechelewa. Huu ndio mpaka wa tamthilia, na Shakespeare ameuchora kwa uaminifu: katika Roma yake mtu anaweza kusifiwa, anaweza kulipiziwa kisasi, lakini hakuna anayeweza kusamehewa. Rafiki zake Brutus walimpenda. Walichoweza kumpa ni kukataa kumshikia upanga, au kumshikia. Hawakuwa na habari nyingine.

Nilipofika hapo niliwaambia wanafunzi wafungue Matendo ya Mitume, sura ya 16. Ni mji uleule wa Filipi, takribani miaka 90 baada ya vita vile. Usiku wa manane. Mlinzi wa gereza anaamka, anaona milango iko wazi, anadhani wafungwa wametoroka. Naye ni mtu wa heshima ya Kirumi: amepoteza alichokabidhiwa, basi anachomoa upanga ajiue. Kutoka gizani Paulo anapaza sauti kumzuia. Wote bado wamo. Mlinzi anaomba taa. Kabla hakujapambazuka ameziosha alama za mapigo yao, amebatizwa na nyumba yake yote, na ameandaa chakula.

Darasa lilinyamaza. Yule msichana wa nyuma, aliyeitambua Filipi siku ya kwanza, akasema: "Kwa hiyo Brutus alikosa mtu wa kumpigia kelele."

Sijawahi kusoma uhakiki wa tamthilia hii ulionigusa kuliko sentensi hiyo.

Baba yangu hakukosa. Mtu aliyempigia kelele alikuwa mke wa yule rafiki yake, aliyekuja nyumbani kwetu baada ya miaka tisa kutuambia kwamba mume wake ni mgonjwa na anauliza mbona rafiki yake haji. Baba alichuma jani la isale, kama wazee wa kwetu wanavyofanya mtu anapokwenda kuomba msamaha, akavaa koti lake la ibadani, akaenda. Walikaa ndani mpaka jioni. Hakutueleza walichosema. Tuliona tu kwamba aliporudi alipita mbele ya shamba lile, akasimama, akaliangalia kwa muda mrefu. Migomba ilikuwa imeshaota upya.

Wapo katika sharika zetu watu wema waliofanya jambo wakidhani wanalinda kazi ya Mungu, na tangu siku hiyo hawageuzi kichwa wapitapo mahali fulani. Wanasifiwa kanisani, na sifa haziwasaidii. Tusingoje kuwasifu kwenye mazishi. Tuwaendee usiku huu, tupaze sauti kama Paulo, tuwaambie kwamba bado tupo, wote.